Tupeane uzoefu: laptopu ya kazini inayoendelea kumtii mwajiri wa zamani

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, mradi ukifungwa hapa kwetu, mara nyingi mfanyakazi huachiwa laptopu aliyokuwa akiitumia. Taabu huanza pale ofisi mpya inapotaka kuisajili kwenye mfumo wake wa kusimamia kompyuta kwa mbali na mashine ikagoma. Yaliyowakuta yaelezeni hapa, pamoja na kilichosaidia.

Ofisa TEHAMA, Njiro

Yangu ilikuwa ya Windows. Akaunti ya ofisi ya zamani ilikwishaondolewa, lakini kila tulipoisajili upya ilirudisha kosa 0x8018000a, yaani kifaa tayari kimesajiliwa. Amri ya dsregcmd /status ilionyesha AzureAdJoined : NO, yaani mashine haijaungwa tena na mfumo wa akaunti za ofisi, jambo lililonifanya nitafute masalia kwingine. Niliyakuta kwenye ratiba ya kazi za Windows (Task Scheduler), ndani ya EnterpriseMgmt, ambako palikuwa na folda yenye jina refu la herufi na tarakimu, na jina hilohilo lilikuwa kwenye rejista (Registry, hifadhi ya mipangilio ya Windows) chini ya HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Enrollments. Nilihifadhi nakala ya rejista, nikafuta kazi za folda ile, kisha ufunguo wenye jina lile peke yake, kwa sababu ndani ya Enrollments mna funguo nyingine ambazo Windows yenyewe inazihitaji. Nilimalizia kwa kuondoa cheti cha kidijitali cha zamani kilichotolewa na Microsoft Intune MDM Device CA, nikaiwasha upya, na usajili ukapita.

Kabla ya kuondoa akaunti ya kazini, hakikisheni mna akaunti ya msimamizi iliyo ndani ya mashine yenyewe na ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (kinga inayoifunga diski kwa siri) wenye tarakimu 48, la sivyo mtafungiwa nje.

Mhasibu, Moshi mjini

Kwangu fundi alifomati, akabadilisha hata diski, lakini mara tu ilipopata intaneti, jina la kampuni niliyoiacha likatokea likidai nywila ya kazini. Baadaye nilielezwa kwamba mashine ilisajiliwa kwenye Autopilot, huduma ya Microsoft ya kuandaa kompyuta za ofisi, ambayo huitambua kwa alama inayotokana na vifaa vyake vya ndani, na kumbukumbu hiyo hukaa kwenye seva za Microsoft. Niliandika barua kwa mwajiri wa zamani, nikaambatanisha namba ya mfululizo (serial number) ya mashine, yaani ile iliyobandikwa chini yake, pamoja na hati ya makabidhiano. Msimamizi wao alipoifuta kwenye orodha yao, nikaiandaa upya bila kuulizwa chochote.

Mpiga picha wa utalii, Sakina

Wenye Mac, fungueni Terminal, andikeni profiles status -type enrollment. Ikijibu Enrolled via DEP: Yes, yaani imesajiliwa kupitia mpango wa Apple wa vifaa vya kampuni, msihangaike na fundi: mwajiri ndiye anayepaswa kuiachilia kwenye Apple Business Manager.

Ofisa TEHAMA, Njiro

Naongezea kwa mhasibu: fundi anayeahidi kuliruka dirisha hilo la nywila kwa malipo hagusi kumbukumbu iliyoko kwenye seva, kwa hiyo siku mtakapofomati tena litarudi vilevile. Hati ya makabidhiano itaje namba ya mashine na itamke kwamba usajili umefutwa pande zote mbili, kwenye mashine na kwenye seva, nanyi msitie saini kabla ya kuiwasha hapohapo mbele ya anayekabidhi.