Ripita yetu imegeuzwa spika ya mkutano wa EchoLink, na wenyewe hatupati nafasi ya kuita

Ndugu wanaredio wa ridhaa,

Ninafungua uzi huu kwa hasira, na sitaificha, kwa sababu jambo hili limekwisha kusemwa kwa upole bila kusikilizwa. Ripita yetu ya mlimani, yaani mtambo unaopokea sauti ya redio na kuirusha tena ifike mbali, tuliichangia ili mwenye redio ya mkononi ya wati 5 aliye bondeni amfikie mwenzake aliye ng'ambo ya kilima. Leo hii inarusha mazungumzo ya chumba cha mkutano cha EchoLink, mfumo unaounganisha redio za ridhaa kupitia intaneti, tangu asubuhi hadi usiku wa manane, na sisi tuliotoa fedha zetu tumebaki wasikilizaji.

Asije mtu hapa kudai kwamba ninapinga linki, yaani kuiunganisha ripita na intaneti. David Cameron, mwenye ishara ya wito VE7LTD, alipoanzisha IRLP, mfumo mwingine wa aina hiyo, huko Vancouver mwaka 1997, na Jonathan Taylor, K1RFD, alipoitoa EchoLink mwaka 2002, walitupatia kitu cha thamani kubwa: unabonyeza tarakimu chache kwenye redio yako, nodi, yaani kituo cha linki, inaunganishwa kupitia intaneti, na sauti yako inatokea kwenye ripita ya bara jingine bila antena kubwa ya HF, yaani ya mawimbi mafupi yafikayo mbali, wala kungoja hali ya anga ikae sawa. Kijana wa 5H3, yaani wa Tanzania, aliyepata leseni juzi anaongea na mzee wa Kanada, na wapo walioipenda redio kwa njia hiyo hiyo. Ninachokilalamikia ni namna linki yetu inavyoendeshwa.

Kwa wasioufahamu mpangilio wetu, nodi haikufungwa kule mlimani. Ni kompyuta iliyounganishwa na redio ya kawaida nyumbani kwa msimamizi, ambayo huingia kwenye ripita kama mtumiaji mwingine yeyote, isipokuwa ina antena nzuri juu ya paa na inarusha wati 25. Redio hiyo inapopeleka sauti ya intaneti mlimani haiwezi kusikiliza. Itasikia pale tu itakapoachia. Sasa watu wa mkutano wanapopokezana bila kuacha pengo, mmoja akimaliza na mwingine akidaka papo hapo, redio ya linki haiachii kabisa, na mtu wa bondeni anayebonyeza kitufe anamezwa, kwa kuwa katika FM mawimbi yenye nguvu zaidi ndiyo yanayokishika kipokezi na yale dhaifu hayasikiki hata kidogo. Mlimani hasikiki, Toronto hasikiki, na hakuna anayejua kwamba alijaribu.

Mimi nilijua, kwa sababu jioni moja niligeuza redio yangu isikilize masafa ya kuingilia, kilohezi 600 chini ya yale tunayosikilizia siku zote. Nilimsikia mwenzetu, gari limemharibikia barabarani, akitaja ishara yake ya wito yote, taratibu na kwa adabu, akiomba kituo chochote kimjibu. Akarudia, kisha akarudia tena. Wakati huo huo kwenye masafa ya kutokea watu wawili wa ughaibuni walikuwa wakibishana juu ya urefu wa waya wa antena. Nilimjibu moja kwa moja kwa kuwa nilikuwa karibu naye. Je, angekuwa upande wa pili wa mlima, ambako ndiko hasa ripita inakohitajika?

Na mlima wenyewe unaumia. Kipitishi kile kilinunuliwa kwa ajili ya mazungumzo ya hapa na pale, hakikununuliwa kirushe mfululizo mchana kutwa. Fundi wetu alipopanda mara ya mwisho alikuta mapezi ya kupozea yana moto usioshikika, na betri za sola zimeshuka kiasi kwamba kidhibiti kilikuwa kinakata umeme kabla ya alfajiri. Betri hizo ni michango ya wanachama, na wengine walitoa kwa kujinyima.

Kuna aibu nyingine pia. Redio ya linki hufunguka kwa chochote kinachotoka mlimani, hata mkia wa ripita, yaani ule muda inaoendelea kurusha baada ya mtu kuachia, na kitambulisho chake cha Morse, na vyote hivyo husukumwa mkutanini juu ya maneno ya watu. Wenye mkutano wamekwisha kutulalamikia. Dawa yake inajulikana: ripita itoe toni ya CTCSS, mlio wa chini unaotumika kama ufunguo wa kufungulia redio, pale tu mtumiaji halisi anapoifungua, na redio ya linki isifunguke bila toni hiyo. Mbona haijafanyika?

Tulipomwandikia msimamizi, alijibu kwamba anayetaka kuongea apakue programu kwenye simu yake. Jibu hilo limeniudhi kuliko yote. Simu inahitaji bando na mnara wa kampuni, na mafuriko yakiangusha minara ndipo ripita ya sola inapopata kazi yake. Akaongeza kwamba akikata muunganisho atapata taabu kuurudisha, eti kwa sababu mtandao wa simu haumpi anwani ya umma. Ni kweli kwamba EchoLink inahitaji bandari za UDP 5198 na 5199, yaani milango ya data ya intaneti, ziwe wazi kutoka nje, na kwamba mitandao yetu mingi ya simu huzifunga, lakini proksi, yaani seva za kupitishia muunganisho, zipo kwa ajili ya tatizo hilo hilo, na kuziweka ni suala la dakika chache.

Msimamizi, najua unausoma uzi huu. Linki iunganishwe pale mtu wa ripita hii anapoiomba, na ikatwe anapomaliza. Tarakimu za kuunganisha na kukata zitangazwe kwa kila mwenye leseni, maana hadi leo unazijua peke yako. Redio yako ilazimishwe kuachia kwa sekunde kadhaa baada ya kila mzungumzaji, hata kama mkutanini hawapumziki. Kama haya yanakushinda, izime nodi hadi mkutano wa wanachama ujao, na uje na maelezo ya nani alikuruhusu kuishikilia ripita ya watu wote. Andika jibu lako hapa hapa, hadharani, ili kila mchangiaji alisome.