Nimepiga msasa kabati la mwaloni mwekundu nikatokea kwenye chipbodi, nisaidieni kabla mama watoto hajajua

BabaWatatu_Ohio
Wakuu habari za wikiendi. Mi nipo huku Columbus, Ohio, mwaka jana mwishoni tulijaliwa kununua nyumba, ya mwaka 1989, siyo kubwa ila inatutosha. Jikoni ndo kuna makabati yale ya rangi ya asali, nyumba nyingi za huku za miaka ya 80 na 90 unayakuta hayo hayo, jirani yangu mzee mmoja kaniambia ni redi oki, yaani mwaloni mwekundu. Vanishi imegeuka njano, na karibu na jiko inanata mafuta hadi vidole vinagoma kutoka. Wife anataka yote yapigwe rangi nyeupe. Mi roho inaniuma, nimekulia nyumba yenye kabati la mninga la babu, siwezi kuona mbao inafunikwa rangi nyeupe kama ukuta wa zahanati. Nikasema ntatoa vanishi yote nipake rangi ya mbao ifanane na mninga.

Jana wife kaingia shifti ya usiku, nikaazima mashine ya msasa, nikaweka namba 60 ili kazi iende haraka, nikaanza na ubavu wa kabati la mwisho. Dakika haijaisha naona ile michoro ya mbao inafifia, halafu katikati pakatokea doa la kahawia kama uji wa ulezi uliokaukia, na kila nikisogeza mashine doa linapanuka. Nikazima. Kumbe ndani ni chipbodi, ile bodi ya vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, na juu wamevalisha ngozi tu! Kidonda ni saizi ya kisahani cha chai, nimebandika kalenda hapo.

Sasa je, nimeibiwa? Yote ni ya namna hii? Na hapa nilipoharibu panatibika au ndo nikubali rangi nyeupe yaishe? Naombeni ushauri, matusi ya msasa 60 nimeshajitukana mwenyewe.

mtoto_wa_Temeke
Msasa 60 mkuu?? Hiyo ni ya kukwangulia jahazi. Nakaa pembeni nisubiri mafundi waje.

FundiKeko
Pole sana kaka. Hujaibiwa, hiyo ni vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao halisi inayobandikwa juu ya bodi. Na sisi huku Keko tunaitumia kila siku, tunavalisha emdiefu (MDF, bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa) vinia ya mtiki, vanishi juu, mteja anapenda. Shida yako ni kwamba vinia ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani, ya kawaida ni kama milimita 0.6, na zile zinazokuja zimeshabandikwa kiwandani kwenye plaiwudi huwa hata nusu milimita hazifiki. Mashine na namba 60 hapo ni kama kumenya yai kwa shoka.

Kabla hujagusa tena, pima ngozi. Fungua mlango mmoja, toa bawaba, chungulia lile tundu la mviringo ilipokaa. Au vile vitundu vya pini zinazobeba shelfu ndani ya kabati. Pale utaona tabaka, kama ni mbao mzima nyuzi zinashuka mpaka chini, kama ni vinia utaona kamstari ka juu halafu chipbodi au emdiefu. Kingine angalia ukingo wa mlango, nyuzi za juu zikikunja na kuendelea ukingoni ni mbao, zikikatika ghafla ujue ni ngozi.

chali_wa_Ngara
Mi naona wazungu wamekudanganya tu bana. Mbao ni mbao. Hii maneno ya kubandika karatasi ya mbao juu ya vumbi ya mbao halafu unaambiwa "oak" ni ukora mtupu. Paka white umalize, ukipata pesa weka solid.

Mwana_Kibokoni
Nakuunga mkono ndugu yangu hapo juu. Hapa Mji wa Kale Mombasa kuna milango ya mababu imechongwa mbao nzima, jua na chumvi ya bahari imeila miaka na miaka na bado yasimama.

DadaRanda
Chali na Mwana Kibokoni, naomba niwapinge kidogo kwa heshima. Mi nafanya kazi kiwanda cha makabati hapa Ontario, Kanada, mwaka wa sita sasa, mwaloni mwekundu napishana nao kila siku. Vinia siyo utapeli, utapeli ni kumuuzia mtu vinia ukamwambia mbao nzima, hayo ni mambo mawili.

Fikirieni mti wenyewe. Mwaloni mwekundu unapotoka ubichi mpaka kukauka kabisa unasinyaa karibu asilimia 8.6 kwa upande unaofuata duara za miaka na asilimia 4 tu kwa upande wa kwenda kwenye kiini. Yaani pande mbili zinavutana tofauti, na ndo maana ubao mpana unapinda. Sasa huku Ohio na Ontario kiangazi hewa ina maji kama Dar mwezi wa nne, kipindi cha baridi hita inawaka miezi mitano ndani ya nyumba pakavu midomo inapasuka. Weka ubavu wa kabati wa mbao nzima sentimita 60 hapo uone, utapinda au upasue kona. Vinia ikikaa juu ya chipbodi au plaiwudi haina nguvu ya kuvuta, inatulia. Milango ya Mombasa inasimama kwa sababu fundi alijua, akaunganisha vipande na fremu na mbao zinapata nafasi ya kucheza, siyo kwa sababu tu ni nene.

Na kingine, ubao wa milimita 25 ukiukata vinia unapata shuka kama 40, na kwa kisu, siyo msumeno, kwa hiyo hakuna unga unaomwagika. Gogo zuri la mwaloni lenyewe kupatikana ni kazi, afadhali lifunike majiko mengi kuliko moja.

Kaka wa Ohio, nikija kwako. Makabati ya umri huo mara nyingi yana vitu vitatu vinavyofanana kwa macho. Fremu za milango na ile fremu ya mbele ya kabati huwa ni mwaloni mzima. Paneli ya katikati ya mlango inaweza kuwa mzima au vinia. Mbavu huwa ni vinia, na wakati mwingine siyo hata vinia, ni karatasi au plastiki iliyochapwa picha ya mwaloni! Hiyo ya mwisho ndo mbaya, haipokei rangi ya mbao kabisa. Kuijua, pitisha kucha kukatisha nyuzi. Mwaloni una vinyweleo vikubwa, utasikia vijimfereji hata chini ya vanishi. Picha iliyochapwa inateleza, na ukiangalia vizuri utakuta kifundo kile kile kimejirudia mahali pengine.

Kama unataka kuhakikisha kwamba ni mwekundu siyo mweupe, tafuta kipande cha mbao nzima, hata droo iliyokufa, kata kama kidole, nyuzi zikiwa zimenyooka. Chovya ncha moja kwenye maji ya sabuni, puliza ncha nyingine. Mwekundu utatoa mapovu, mirija yake iko wazi mwanzo mwisho. Mweupe umejiziba ndani kwa asili yake, ndo maana mapipa ya wiski na mvinyo ni mweupe, ukiweka kwenye mwekundu utakuta sakafu imelewa.

mtoto_wa_Temeke
"sakafu imelewa" 😂😂 dada endelea, uzi umenoga

FundiKeko
Dada Randa nakusalimu, umenifundisha hilo la mapovu, mninga hatuupimi hivyo.

Kaka swali la rangi ya mninga sasa, nikwambie ukweli kabla hujapoteza hela. Utapata rangi, hutapata mninga. Mninga nyuzi zake zinajichanganya, zinazunguka, ukipaka mafuta unang'aa kama ngozi ya mtoto. Mwaloni una mistari. Ukipaka rangi ya mbao nyeusi, ile mirija inakunywa kuliko sehemu nyingine, mistari inakuwa mieusi tii na katikati panabaki pamepauka, unatoka kama pundamilia. Ila una bahati moja, mwaloni mwekundu una upinki upinki ndani, wengi huko wanahangaika kuuondoa, wewe unautaka. Tumia kahawia ya wastani yenye wekundu kidogo, jaribu kwanza nyuma ya mlango.

BabaWatatu_Ohio
Jamani asanteni sana, nimerudi na matokeo. Kucha nimepitisha nyumba nzima kama mwendawazimu. Fremu ni mbao nzima, nimeona kwenye tundu la bawaba nyuzi zinashuka. Paneli za milango ni vinia juu ya emdiefu. Mbavu tatu ni vinia juu ya chipbodi na ubavu mmoja ulio karibu na friji ni plastiki ya picha, nilikuwa naupenda kuliko yote 😭

Kipande cha droo nimekata, nikapuliza, MAPOVU. Madogo wamepuliza nusu saa, sasa wanataka kila mtu awe na kipande chake.

Kidonda je? Na vanishi ntaitoaje kama msasa ndo adui? Wife ameuliza kwa nini kalenda iko chini karibu na sakafu, nimemwambia ni ya watoto.

DadaRanda
Kalenda ya watoto 😂 mungu akusaidie.

Kwanza mafuta. Osha kabati zote kwa sabuni kali ya kutoa mafuta, kitambaa chenye unyevu tu usimwage maji, maji yakiingia ukingoni chipbodi inavimba kama mkate na hairudi. Halafu vanishi itoe kwa dawa ya kutolea vanishi, siyo mashine. Zile kali za zamani zenye methylene chloride zilishapigwa marufuku kuuziwa watu wa kawaida Marekani tangu 2019, zimeua watu kwenye bafu na vyumba vilivyofungwa, kwa hiyo utakuta za sasa ni polepole, paka, funika na nailoni, subiri, kwangua na kikwangulio cha plastiki kufuata nyuzi. Fungua madirisha hata hivyo. Nyumba yako ni ya 89 kwa hiyo hofu ya rangi yenye madini ya risasi, ile sumu, siyo kubwa, ingekuwa ya kabla ya 1978 ningekwambia simama kwanza upime.

Baada ya hapo msasa kwa MKONO, 180, halafu 220, kufuata nyuzi, mara mbili tatu tu. Na usitumie sufi ya chuma! Mwaloni una tanini, ile asidi ya asili ya mti, chembe ya chuma ikibaki na ikapata unyevu inaweka doa jeusi. Ikitokea, oxalic acid inatoa, ila bora isitokee.

Vitambaa ulivyopakia rangi ya mafuta usivirundike gareji. Vitandaze vikauke kimoja kimoja, vikiwa rundo vinajipasha moto vyenyewe mpaka vinawaka. Nimeona pipa la taka limeungua kwa hilo.

FundiKeko
Kidonda usijaribu kukipaka puti, kitaonekana maisha. Vua ubavu mzima uvalishe upya. Rahisi zaidi nunua plaiwudi nyembamba yenye uso wa mwaloni mwekundu, ile ya robo inchi, kata saizi, bandika juu ya ule ubavu na gundi nyeupe na vijipini vidogo, ukingo weka ukanda wa mwaloni wa kubandika kwa pasi. Ubavu wa plastiki nao ufanyie hivyo hivyo ila ukwaruze kwanza gundi ishike. Kabla ya kukata weka selotepu ya karatasi kwenye mstari na ukate ngozi kwa kisu, la sivyo msumeno unaing'oa vipande vipande. Nyuzi zisimame, zisilale.

DadaRanda
Naongeza kimoja hapo kwa fundi. Chagua plaiwudi kwa macho, usichukue ya kwanza. Kuna vinia inayomenywa kwa kuzungusha gogo mbele ya kisu kama unavyomenya chungwa bila kukata ganda, hiyo ni ya bei nafuu na michoro yake inasambaa kama ramani ya mito. Na kuna inayokatwa shuka shuka kama mkate, hiyo ndo ina michoro ya vilima vilivyopandana, na paneli zako za 89 nina hakika ni hiyo. Ukiweka ya chungwa kando ya ya mkate, hata mgeni wa chai ataona.

Na ukiamua kutumia vinia tupu badala ya plaiwudi, gundi ile ya mpira ya kupaka pande mbili iogope, vanishi yenye tina inaweza kupenya kwenye vinyweleo ikailegeza, unaamka asubuhi ubavu una malengelenge.

chali_wa_Ngara
Sawa nimekubali, nimefunzwa. Lakini hata akipaka white si ni poa pia?

DadaRanda
Ni poa, ila mwaloni haufichiki kirahisi. Vile vijimfereji vinaonekana chini ya rangi usipojaza kwanza kwa filaa ya vinyweleo, na tanini inapenya juu na kuweka umanjano kwenye rangi ya maji usipoanza na praima ya kuziba, ya shelaki ndo naiamini. Kwa hiyo nyeupe siyo njia ya mkato, ni kazi ile ile au zaidi.

BabaWatatu_Ohio
Hiyo post ya mwisho nimemsomea wife neno kwa neno. Kanyamaza, akauliza "kwa hiyo nyeupe ni kazi zaidi?" nikasema ndo wataalamu wanavyosema. Tumekubaliana ya juu iwe rangi ya mbao, ya chini tutaona. Jumamosi naenda kuchagua plaiwudi, ntapiga picha niwawekee hapa mnichagulie vilima.

Halafu kumbe siku ile ile ya kwanza alishainua kalenda. Kaniambia alikuwa anangoja aone ntadanganya mpaka lini.