Lisan al-Arab au al-Qamus al-Muhit: ipi inunuliwe kwanza?

Mchunguza Mizizi
Assalamu alaykum. Ninafuatilia asili ya maneno ya Kiswahili yaliyotoka katika Kiarabu, na fedha nilizonazo zinatosha kamusi moja tu ya kale. Nimebaki kati ya Lisan al-Arab ya Ibn Manzur, ambayo chapa yake ya Beirut ni juzuu 15, na al-Qamus al-Muhit ya al-Firuzabadi, inayopatikana katika jalada moja nene. Kiarabu changu ni cha madrasa na cha kujisomea. Naomba ushauri wa waliozitumia zote mbili.

Maalim wa Nahau
Waalaykumu ssalam. Chukua Lisan, ndugu yangu, na sababu yake imo katika maisha ya mtungaji mwenyewe. Ibn Manzur alizaliwa mwaka 630 wa Hijria, akafariki Cairo mwaka 711, akiwa amepofuka mwishoni mwa umri. Alikuwa karani katika diwani ya uandishi ya Misri, yaani ofisi ya barua za serikali, na aliwahi kuwa kadhi wa Tripoli ya Libya, lakini pumzi yake aliimalizia katika kunakili na kufupisha vitabu vya wengine. Hata ile historia ndefu ya Damascus ya Ibn Asakir hakuiacha, na inasimuliwa kwamba aliacha majalada 500 kwa mwandiko wake. Ajabu ni kwamba alipofika kwenye lugha, bingwa huyu wa kufupisha hakufupisha. Alichukua kamusi za waliomtangulia: Tahdhib ya al-Azhari, Muhkam ya Ibn Sida, Sihah ya al-Jawhari, hashiya (maelezo ya pembeni) za Ibn Barri juu ya hiyo Sihah, na Nihaya ya Ibn al-Athir inayoeleza maneno magumu ya hadithi, akayaweka yote chini ya kila mzizi, yaani herufi za asili za neno, akamaliza mwaka 689. Katika utangulizi anakiri kwamba hana fadhila yoyote ila kukusanya kilichotawanyika, na kwamba alikitengeneza kitabu kama Nuhu alivyotengeneza safina huku kaumu yake ikimcheka. Ukifungua mzizi mmoja, unawasikia mabingwa watano, pamoja na aya na beti walizozitoa kuwa ushahidi.

Bin Bahari
Na wanarudia, maalim, hilo hukulitaja. Maana ileile huja mara tatu katika ukurasa mmoja, kwa sababu mkusanyaji hakutaka kumnyamazisha yeyote. Al-Firuzabadi, aliyefariki mwaka 817 huko Zabid, Yemen, akiwa kadhi mkuu, alikuwa amekusudia kitabu cha majalada 60, akaombwa kifupi, akatii. Aliondoa ushahidi wa mashairi na kuweka alama za herufi: mim kwa neno linalojulikana, dal kwa mji, ayn kwa mahali, jim kwa wingi. Tena hilo neno «kamusi» tunalolitamka kila siku ni jina la kitabu chake: qamus ni bahari, au kilindi chake cha mbali kabisa. Watu walikizoea mno hata jina la kitabu kimoja likawa la vitabu vyote vya aina yake.

Mchunguza Mizizi
Nawashukuru nyote wawili. Je, yupo anayeweza kunionyesha neno moja au mawili, nione tofauti kwa macho yangu?

Msomaji wa Pwani
Tuanze na jina letu wenyewe. Kamusi zote mbili zimefuata utaratibu wa al-Jawhari wa kupanga kwa herufi ya mwisho ya mzizi kisha ya kwanza, kwa hiyo «sahil», ambayo wingi wake ndio uliotupa Uswahili, hutaipata ukianzia kwenye sin. Utaipata katika mlango wa lam, sehemu ya sin. Zote zinaeleza kwamba pwani imeitwa hivyo kwa sababu maji yameikwangua: bahari hujaa, kisha hupwa na kuzoa kilichokuwa njiani. Hapo, kwa kweli, mwenye al-Qamus hakupoteza kitu. Lakini fungua «safar», mama wa safari yetu. Lisan inaeleza kwamba safari imeitwa hivyo kwa kuwa inafunua nyuso za wasafiri na tabia zao, kikadhihiri kilichokuwa kimefichika. Maelezo marefu ya namna hii, mara nyingi yakiwa na jina la aliyeyasema, ndiyo unayoyalipia katika juzuu 15.

Bin Bahari
Kwa «safari» nimenyoosha mikono. Ila anayeanza atapotea katika huo mpangilio wa herufi za mwisho, na katika juzuu nyingi kupotea kunachosha zaidi.

Fundi Jalada
Kwa shida hiyo ipo chapa ya Lisan ya Dar al-Maarif ya Cairo, iliyopangwa upya kwa herufi ya kwanza ya mzizi, ambapo «safar» iko kwenye sin kama mtu anavyotarajia. Ubaya wake ni kwamba vitabu vingi vya utafiti hutaja juzuu na ukurasa wa chapa ya Beirut, kwa hiyo utalazimika kutafuta kwa mzizi. Jambo jingine: mimi niliagiza seti ya Beirut kwa muuzaji wa mtandaoni, ikaja na juzuu ya 4 mara mbili na ya 5 haimo. Hadi leo nikitafuta mzizi uliomo humo, napanda basi hadi maktabani.

Mchunguza Mizizi
Basi nimeamua kununua Lisan, chapa ya Cairo, na nitahesabu juzuu kabla ya kulipa. Bin Bahari, kama una al-Qamus ya ziada ya kuazimisha, mimi ni mrejeshaji mwaminifu.