Naomba ushauri: nitumie hifadhidata ya SQLite au PostgreSQL kwenye kompyuta ya RAM GB 4?

Habari zenu wakuu. Niko Masasi, Mtwara, natengeneza programu ya wavuti ya kufuatilia mazoea ya kila siku: kunywa maji, kusoma, kumeza dawa (hiyo ya dawa ni kwa ajili ya mama, ana presha na husahau). Natumia Django (fremu ya Python ya kutengenezea programu za wavuti), Windows 10. Docker (inayoendesha programu ndani ya makasha yaliyotengwa) yenye PostgreSQL nikiiwasha, hata kishale cha mausi hakisogei. Nimeitoa, nikaweka PostgreSQL moja kwa moja. Sasa muunganisho wa poti 5432 unakataliwa, na huduma yenyewe naiona inafanya kazi.

Je, niendelee na SQLite mpaka siku ya kupandisha kwenye seva, au tarehe na saa za rekodi zitakuja kunisumbua? Na vifurushi vya pip (maktaba za Python), naweza kuvishusha kwa jamaa mwenye waifai nikavibeba kwenye flashi? Bando linaniumiza.