Kufunga mikanda ya abiria kwenye Coaster niliyoigeuza gari la kulala

njiro_kambini:
Wakuu habari za jioni. Nina Coaster, siti za nyuma nilishatoa zote nikaweka kitanda, jiko la gesi na benchi mbili za plaiwudi za ubavuni zinazotazamana. Desemba nataka kwenda Karatu na familia, sasa mikanda ipo mbele tu, nyuma watakaa watoto wawili na bibi yao. Fundi mmoja hapa Arusha anasema atafunga mikanda ya mtumba kwenye hizo benchi ndani ya nusu siku, roho yangu inasita. Mnashaurije?

fundi_wa_bodi:
Mkuu usikubali, nakuomba kabisa. Mkanda nguvu yake ni pale ulipofungwa. Kanuni ya UN namba 14 inayosimamia sehemu za kufungia mikanda, kwa magari madogo inataka zivutwe kwa nguvu ya karibu kilo 1,350 upande wa bega na nyingine kama hiyo kiunoni, kwa pamoja. Plaiwudi inachanika hapo hapo, bibi anaondoka na benchi yake. Hata bati la sakafu peke yake ni jembamba, boliti inatoboa inatoka na washa yake.

Lala chini ya gari utazame chesisi inapita wapi, kutu iko wapi, na tenki la mafuta na paipu za breki usije ukazitoboa. Kwenye rali FIA (shirikisho la mbio za magari duniani) wanataka bati la kuimarisha lenye eneo lisilopungua sentimita za mraba 40 na unene wa milimita 3, na hapo bado wanafunga kwenye bodi ya chuma sio mbao. Boliti angalia kichwani, mistari sita ni grade 8 (daraja la ugumu wake), za milimita tafuta iliyoandikwa 10.9, isiyo na alama usiifunge. Na asiichomelee, moto unaua ugumu wake.

Halafu zile siti ulizotoa ziko wapi?

dereva_sakina:
Naunga mkono, na niongeze la benchi za ubavu. Gari likigonga kwa mbele aliyekaa ubavu anapindwa kiuno na shingo, mkanda unamshika vibaya. Ulaya waliamua kwa sheria ya 2005 kuzikataza siti za hivyo kwenye magari madogo mapya. Tumieni benchi mkishapaki tu, kupanda ile kona ya Mto wa Mbu kila mtu atazame mbele. Pia aisee mtungi wa gesi wa kilo 15 ukiwa umejaa na chuma chake ni kama kilo 30, ufungwe kabisa maana ukiruka unampiga mtu kisogoni.

mangi_moshi:
Mkanda wa mtumba sikushauri, haujui ulitoka kwenye gari la ajali au la. Ukitaka kuangalia vuta wote nje, ukiona nyuzi zimechanika au sehemu imevutika imekuwa nyembamba au inang'aa, achana nao. Ile rola yake inayoviringisha mkanda nayo inafanya kazi kwa mkao, ukiigeuza kiholela inaweza kujifunga muda wote au isijifunge unapoihitaji.

njiro_kambini:
Asanteni sana. Nimetoka stoo sasa hivi, siti ya watu wawili ya nyuma ya dereva ipo na mikanda yake ya kiunoni ya kiwandani, na matundu yake ya sakafuni hayajazibwa. Nitoe benchi moja niirudishe hapo, eti? Mtoto mdogo ana miaka minne.

fundi_wa_bodi:
Hapo sasa. Rudisha siti hiyo kwenye matundu yale yale, boliti mpya, na uangalie kutu kwanza. Mkanda ukae chini kwenye nyonga, usipande tumboni. Ila boosta (kile kiti cha kumwinua mtoto) inataka mkanda wa pointi tatu, yaani wa kiunoni na begani, kwa hiyo huyo wa miaka minne mtafutie kiti cha mtoto chenye mikanda yake chenyewe kinachokubali kufungwa na mkanda wa kiunoni, imeandikwa kwenye maelekezo yake. Bibi na mtoto mkubwa wakae siti nyingine kama hiyo, nayo ikiwa na mikanda yake ya kiwandani.