Nimemchukua mbwa aliyetelekezwa, ananishinda. Naombeni ushauri

Mkaa_Kimya (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za muda huu. Wiki iliyopita nimechukua mbwa jike, mtu mzima, kwa jamaa aliyehama akamwacha na mnyororo shingoni. Mbavu zinahesabika, manyoya yamepukutika mgongoni na masikioni, anajikuna mpaka damu. Naishi mwenyewe, nikasema huyu nitamrudisha kwenye hali yake. Nimempa jina Tajiri, angalau jina lishibe.

Shida ni kwamba nikimpa nyama anabugia halafu anaharisha. Tena kajichimbia chini ya meza, nikisogea ananguruma. Nimkalipie, nimfunge au nimwache? Usingizi sipati.

Kidevu Kirefu
Mbwa kalala, mwenye nyumba yuko macho. Hapo nani kaajiriwa kumlinda mwenzake?

MamaPaka
Mdogo wangu, punguza nyama haraka. Mbwa aliyekaa na njaa muda mrefu ukimshindilia chakula kwa mkupuo unaweza kumuua. Mwili ulishazoea kujila wenyewe. Chakula kingi kikiingia ghafla, fosforasi na potasiamu zinashuka kwenye damu na moyo unayumba. Mpe kidogo kidogo, mara nne au zaidi kwa siku, uongeze taratibu.

Ngozi usiipake oili chafu, utaambiwa tu na watu. Daktari wa mifugo aikwangue aitazame kwa hadubini. Kuna utitiri unaohamia kwa binadamu na kuna usiohama, na matibabu yake hayafanani.

Usimkomeshe kunguruma. Anakwambia "ishia hapo hapo". Ukimfundisha kunyamaza, siku nyingine atauma bila kutoa taarifa. Kaa mbali, mpe mgongo, mrushie kipande cha chakula uondoke. Aje mwenyewe.

Mtumishi
Watoto yatima wamejaa, mtu anakosa usingizi kwa ajili ya mbwa. Dunia imekwisha.

MamaPaka
Mtumishi, wewe umechukua yatima wangapi?

Mzee wa Zamani
Mimi nilikuwa na dume moja, alikuwa haniruhusu kuvaa viatu. Kiatu kimoja tu, cha kushoto. Mke wangu wa kwanza akasema nichague, yeye au mbwa. Ni hadithi ndefu, ila mbwa aliishi miaka mingi.

Mkaa_Kimya
Asante dada kwa maelezo. Ila swali langu bado: nimfunge mnyororo au nisimfunge? Hasa kukiwa na watu ndani.

Nesi wa Usiku
Umeuliza kufunga mara mbili, na sasa "watu ndani". Ameshamuuma nani?

Mkaa_Kimya
Mbona tunatoka kwenye mada.

Nesi wa Usiku
Jibu.

Mkaa_Kimya
Si kuuma kihivyo. Jumamosi mpwa wangu aliingiza mkono chini ya meza kufuata mpira, jino likamgusa kiganjani. Damu kidogo. Nilimpaka spiriti, kidonda kinakauka vizuri. Mbwa hana kichaa: anakunywa maji, hatoi povu. Nikimpeleka mtoto hospitali dada atajua, na akijua atataka mbwa auawe. Mimi nimeshaamua, simwachii. Naombeni mjikite kwenye swali.

Nesi wa Usiku
Mpeleke leo hii. Kirusi cha kichaa cha mbwa kinaweza kuwa kwenye mate siku kadhaa kabla mbwa hajaonyesha dalili yoyote, kwa hiyo povu halikusaidii kitu. Kidonda kuoshwa ni sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15. Mwoshe hata sasa, kisha akaanze chanjo. Ngozi imetoboka, kwa hiyo ataongezewa na kingamwili (kinga iliyo tayari ya kupambana na kirusi), inayochomwa kwenye kidonda chenyewe. Dalili zikishaanza kwa mtoto, hakuna tiba. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka, na karibu wanne kati ya kila kumi ni watoto chini ya miaka 15.

Maktaba ya Mtaa
Tena mtoto aliyepata umaarufu kwa kutibiwa kwa chanjo ya mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur, Joseph Meister, aling'atwa na mbwa mwaka 1885. Alikuwa na miaka tisa, na alipona.

Mkaa_Kimya
Mnanitisha tu. Huyo mbwa alikuwa amefungwa muda wote, kichaa angekipatia wapi?

Nesi wa Usiku
Kwa mbwa mwingine aliyepita hapo alipofungwa. Una kadi yake ya chanjo?

Kidevu Kirefu
Ngojeni kwanza. Posti ya kwanza "naishi mwenyewe". Ya nne mpwa, mpira na dada. Hii ni chai, wakuu. Weka picha ya mbwa.

Mtumishi
Nilihisi tangu mwanzo. Tajiri! Nani anamwita mbwa Tajiri?

Mzee wa Zamani
Wangu aliitwa Waziri.

Mkaa_Kimya
Mpwa kaja likizo. Kwani anayeishi mwenyewe hatembelewi? Picha siweki, mwenye mbwa anaweza kuwa humu.

Kidevu Kirefu
Si ulisema alihama?

Nesi wa Usiku
Iwe chai, iwe maziwa, sindano ni zile zile. Mwanzisha uzi, umeshatoka nyumbani?

*(kesho yake)*

Mkaa_Kimya
Tumerudi. Kachomwa ya kwanza, ratiba ya zilizobaki tunayo. Dada kanirushia maneno ambayo siandiki hapa. Ila daktari wa mifugo kasema mbwa asiuawe wala asihamishwe, afungiwe peke yake aangaliwe mpaka zitimie siku 10 tangu alipouma. Kwa hiyo anabaki, na dada hana la kufanya. Utitiri kaupata, dawa kaanza.

Swali dogo tu: mimi mwenyewe nawashwa tumboni na mikononi, hasa usiku. Inahusiana?

MamaPaka
Umekuwa ukilala naye?

Mkaa_Kimya
Si kulala kihivyo.