Upepo uleule, safari mbili tofauti: kwenda Mbudya kwa tanga

Mkaazi wa Msasani:
Habari zenu, ndugu zangu. Mimi na mke wangu tuna mashua ndogo ya tanga moja ambayo tunaitumia kwa matembezi ya mwisho wa wiki, kutoka Msasani, Dar es Salaam, hadi kisiwa cha Bongoyo na, hali ikiruhusu, hadi kisiwa cha Mbudya. Mwezi wa pili tulikwenda kwa taabu tukarudi kwa raha. Mwezi wa saba mambo yaligeuka: tulifika Mbudya upesi, lakini kurudi kulimaliza alasiri nzima, maji yakiturukia na mashua ikilalia ubavu. Siku zote mbili utabiri ulitaja upepo wa kilomita 25 kwa saa. Je, kuna jambo ambalo tarakimu hiyo haisemi?

Nahodha Mstaafu:
Lipo, nalo ni mwelekeo. Mbudya iko kaskazini ya Msasani, kwa hiyo kusi, upepo utokao kusini, likivuma mnakwenda nalo mgongoni na kurudi mkilikabili, na kaskazi, upepo utokao kaskazini, likivuma inakuwa kinyume chake. Chukulia mashua inakwenda kilomita 8 kwa saa: ukiwa na upepo mgongoni, tanga linapokea kilomita 17 tu, lakini ukirudi joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, kwa kupiga bisho, yaani kwenda mshazari huku na huku, linapokea kama 31. Nguvu ya upepo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi yake, hivyo tanga lilelile linasukumwa kwa zaidi ya mara tatu. Tena njia yenyewe inarefuka, kwa sababu hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja kuelekea upepo unakotoka. Kwa maoni yangu, wakati wa kusi tanga lipunguzwe kabla ya kung'oa nanga Mbudya, kwa kuwa kulikunja katikati ya mawimbi mkiwa wawili tu ni kazi ya hatari.

Binti Kunduchi:
Shikamoo, Nahodha. Naomba kuongezea kwamba ufukwe wa Mbudya unaotumiwa na wageni uko upande wa magharibi, na kisiwa chenyewe huukinga na kusi. Mtu aliyekaa pale akila samaki huona maji yametulia, akaamini kwamba bahari yote ni shwari, kumbe akishapita ncha ya kisiwa anakutana na upepo kamili. Nawasihi mtembee hadi upande wa mashariki, mwangalie kama mawimbi yanavunjika povu jeupe, ndipo muamue saa ya kuondoka.

Mkaazi wa Msasani:
Nimeelewa, nawashukuru sana. Je, maji kupwa na kujaa yanabadilisha hesabu hii?

Nahodha Mstaafu:
Marahaba, binti yangu. Ndiyo, yanabadilisha, hasa siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, ambapo maji hukimbia zaidi, na yakipingana na upepo mawimbi husimama wima na kukaribiana. Zaidi ya hayo, nje ya visiwa mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima na kusi huuongezea kasi, kwa hiyo mnaporudi msiende mbali upande wa mashariki. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, mashua ya ukubwa huo ibaki imefungwa.